Diwani Huja Saa Nne

Benchi liko mbele ya duka langu, limeegemea ukuta upande usiofikiwa na upepo wa ghuba, na hapa kijijini kwetu Ardvorran hakuna anayeliita benchi. Wanaliita bungeni. Mimi nauza kahawa kwenye dirisha dogo lililo juu yake, kwa hiyo nasikia kila kitu nipende nisipende, na kusema kweli napenda. Wabunge ni wale wale. Kuna Murdo Posta, aliyegawa barua miaka thelathini na mmoja na mpaka leo bega moja limeshuka utadhani kabeba mfuko. Kuna Lachie Feri, aliyekuwa akifunga kamba za feri mpaka feri yenyewe ikahamishiwa kwingine, na tangu hapo kazi yake ni kujua mambo. Kuna Effie Karoti, ambaye karoti zake hushinda kila mwaka kwenye maonyesho ya ukumbini, na anajua kwamba tunajua. Mimi ni Peigi Duka. Bila majina hayo tungepotea, maana ukiita MacRae barabarani nusu ya kijiji inageuka na nusu nyingine inauliza unamtaka yupi.

Alhamisi hiyo, mwezi wa tisa, saa tatu na ushee asubuhi, Torquil alikuja bungeni. Torquil si mbunge. Kazi yake ni kulungu: anawahesabu mlimani kwa niaba ya mwenye milima, na wakizidi anawapunguza kwa bunduki. Alichukua kahawa yake akabaki amesimama, na mtu akikataa kuketi kwenye lile benchi ujue ana neno.

— Jumatatu nitampiga Diwani, — alisema.

Effie aliweka kikombe chini. Lachie alivua kofia, akaivaa tena.

Diwani ni dume la kulungu, pembe zake zina ncha kumi na mbili, na huu ni mwaka wa tatu anashuka kijijini kila siku saa nne asubuhi. Anapita barabara yetu moja kutoka juu hadi chini, anatazama madirisha, anasimama hapa na pale, kisha anarudi mlimani bila kufanya lolote. Lachie ndiye aliyempa jina hilo, na diwani wetu halisi hajafurahi mpaka leo.

— Kisa lile koti? — aliuliza Murdo.

— Kisa lile koti, — alisema Torquil.

Koti lenyewe lilikuwa la mgeni mmoja wa wiki iliyopita. Alimsimamisha mkewe karibu na Diwani, naye akajisogeza ili watoke wote watatu kwenye picha. Diwani aligeuza kichwa kufukuza usubi tu, pembe ikanasa mkono wa koti ikauchana kutoka begani hadi kwenye kifundo. Mtu mwenyewe hakupata hata mkwaruzo. Lakini aliandika barua kwa mwenye milima, kurasa nne.

— Koti litashonwa, — alisema Effie.

— Koti, sawa. Mwezi ujao madume wanaanza kutafuta majike, damu inawapanda. Akigeuza kichwa wakati ule kwa hasira, siyo koti, ni tumbo la mtu. Wa mlimani hawanisumbui, wanaona mtu wanakimbia. Huyu hakimbii. Nimeambiwa hivi: Jumatatu saa nne akiwa kijijini, nimpige. Akiwa mlimani, nimwache.

— Sasa si umfukuze.

— Namfukuza kila siku, Effie. Nikiondoka anarudi. Kuna kitu anakifuata hapa. Nikikijua nakiondoa, naye anakwenda zake. Ndicho nilichokuja kuuliza. Nyinyi mnashinda hapa. Anafuata nini?

— Wageni, — alisema Effie.

— Wageni, — alisema Lachie.

— Wageni wanamlisha, wala usiulize, — alisema Murdo. — Na kibao nilikipaka rangi kwa mkono wangu. Usilishe kulungu. Herufi nyekundu, kubwa hivi.

Sijawahi kuona bunge likikubaliana upesi namna ile. Na kweli kibao kipo, mlangoni mwa kijiji. Tulikipigia kura ukumbini masika, mikono yote juu, wa kwanza ukiwa wangu.

Torquil alitikisa kichwa.

— Juma zima nimekaa ndani ya gari nawaangalia wageni. Wanapiga picha. Wanapiga picha mpaka nimechoka kwa niaba yao. Hakuna aliyempa hata jani. Nipeni jingine.

Hapo ndipo kikao kilipofunguliwa. Murdo akakohoa kwanza, maana hasemi kitu bila kukohoa.

— Mimi nimelichunguza hili. Anza nyumba ya juu kabisa, ya Effie. Shuka kwa Lachie. Shuka hapa dukani. Malizia kanisani kwetu. Hiyo ni njia gani?

— Ni barabara, Murdo, — alisema Lachie. — Ipo moja.

— Ni njia yangu ya barua. Mlango kwa mlango, na saa yenyewe ni ile ile. Mimi nimestaafu lini? Miaka mitatu iliyopita. Yeye kaanza lini? Miaka mitatu iliyopita. Njia haikai tupu, bwana. Mimi nimetoka, yeye kaingia.

— Na barua anazitoa wapi?

— Sijasema anagawa barua. Nasema ameishika njia.

— Acha zako, — alisema Lachie. — Nyie hamtazami juu. Tazameni pembe. Kila mwaka zinaanguka zinaota nyingine, siyo? Nani kati yenu amewahi kuokota pembe ya Diwani? Hakuna. Kwa nini? Kwa sababu kuna watu wanakuja kuzichukua. Kwenye zile ncha kuna vyombo vya kupelelezea. Anapita nyumba hadi nyumba, anatuhesabu. Wanataka kujua tumebaki wangapi. Tukipungua, wanahamisha na posta, kama walivyohamisha feri.

— Pembe zake ninazo mimi, — alisema Torquil. — Za miaka yote mitatu. Ziko kwenye banda langu.

— Sasa unaona? — Lachie alitugeukia. — Anakiri.

Hata Torquil alitabasamu kidogo, halafu akakumbuka alichofuata.

— Effie, kwako ndiko anakopita kwanza. Anasimama pale dirishani mwa jikoni robo saa nzima. Kwa nini?

— Redio, — alisema Effie bila kupepesa. — Saa nne nafungulia habari za Kigaeli, lugha yetu ya zamani, nikiwa namenya. Anasimama, masikio hivi. Anasikiliza.

— Kulungu anasikiliza habari za Kigaeli, — alisema Lachie.

— Angalau yeye anasikiliza. Wewe ukija unaongea mpaka habari hazisikiki.

— Na bustani yako je? — Torquil aliuliza. — Kala kabichi za mchungaji. Kala maua ya mwalimu mpaka mizizi. Karoti zako ziko palepale dirishani, hajagusa hata majani.

— Ana adabu na mimi.

— Hm, — alisema Torquil. — Peigi?

Sikutegemea kuulizwa. Nikasema ni friji. Nyuma ya duka, nikasema, friji kubwa inatoa joto kupitia ukutani, na mnyama anapenda pa kuotea mgongo.

— Mwezi wa saba, kiangazi, pia anaota moto?

— Mwezi wa saba wa hapa, Torquil, hata mimi naota.

Alitazama fremu ya dirisha langu, pale rangi ilipokwanguka kwa chini. Nikamwambia ni upepo. Hakuwa ameniuliza.

— Hayo yote ya siku za kazi, — alisema Murdo. — Jumapili je? Hakuna redio, hakuna duka. Na bado anashuka. Jumapili iliyopita alisimama getini mwa kanisa letu dakika ishirini nzima, mahubiri yakiendelea, katulia kuliko waumini.

Hapa lazima niseme kwamba makanisa ni mawili. Zamani yalikuwa moja, wakagombana, na waliogombana wamekufa wote lakini ugomvi wenyewe bado u mzima wa afya. Murdo yuko la juu, Lachie yuko la chini.

— Kwetu hapiti kabisa, — alisema Lachie.

— Anajua penye neno.

— Anajua penye usingizi. Mchungaji wenu anahubiri saa nzima na robo.

— Lakini anangoja nini pale getini? — Torquil hakuachia.

Murdo alikohoa.

— Baraka, — alisema.

Torquil alimwaga kahawa iliyobaki kikombeni mwake.

— Nimewauliza kama watu wazima. Posta, vyombo, redio, friji na baraka. Mnataka nimwandikie mwenye milima nini? Mimi huyu kulungu nilimwona siku aliyozaliwa, chini ya mwamba kule juu, bado ana maji mwilini. Mnadhani naitaka hiyo Jumatatu?

Alisema kwa sauti ya kawaida tu, na ndiyo maana iliuma. Effie alikuwa ameshika aproni yake kwa mikono miwili.

Wakati huo mama mmoja mgeni akafika. Anaitwa Hazel, katoka mjini Bradford, kakodi nyumba ya zamani ya mwalimu hadi Jumatatu, na tangu afike alikuwa akitembea na koti la mvua la manjano kama taa. Nilimpa kahawa, na biskuti pembeni.

— Karibu uketi, mama, — alisema Lachie, akimsogelea Murdo ili kumpa nafasi. — Ila hiyo biskuti, samahani, usije ukampa kulungu. Tuna kibao.

— Nimekiona, kimeandikwa vizuri, — alisema Hazel, na Murdo akainua kidevu. — Ndiye yule mwenye pembe kubwa? Jana nilikuwa nakunywa chai, nainua macho, uso huu hapa dirishani. Mimi nimeishi mjini miaka sitini na mbili. Sikuwahi kumwona kulungu ila kwenye makopo ya biskuti. Nilikaa kimya kabisa. Tukatazamana, halafu akaondoka zake. Nilitokwa na machozi, msinicheke.

— Hatukucheki, — alisema Effie.

— Anatafuta nini huku kwa watu?

— Ndiyo tunajadili, — alisema Murdo. — Shida ni wageni. Siyo wewe, mama. Wengine. Wanamlisha.

— Wabaya hao. Ila juma hili sijaona wengi, tuko wawili watatu. Huwa wanaondoka lini?

— Mwezi wa kumi wanakuwa wamekwisha.

— Wanarudi lini?

— Pasaka.

— Na yeye miezi yote hiyo ya baridi anabaki juu?

— Abaki wapi, — alisema Lachie. — Baridi ndiyo hakosi kabisa. Theluji imefika magotini, saa nne huyo anashuka.

Hazel alikunywa kahawa kidogo. Hakuwa na nia mbaya, alikuwa anataka tu kuelewa.

— Sasa wakati huo anapewa na nani?

Nilisikia friji ikinguruma nyuma yangu. Lachie alitazama viatu. Murdo alifungua mdomo akaufunga bila hata kukohoa. Na Torquil, aliyekuwa anaelekea kwenye gari lake, akasimama palepale na kutugeukia.

Saa ya kanisa ikagonga nne.

Diwani alitokea juu, penye kona ya nyumba ya Effie. Alisimama dirishani mwa jikoni, akaona hakuna mtu, akashuka taratibu katikati ya barabara kama mwenye mali. Kwato zake zilikuwa zinasikika vizuri kwenye lami. Alipofika bungeni Hazel alishikilia biskuti yake kifuani. Diwani alimpita. Hakuigeukia hata ile biskuti.

Alikwenda moja kwa moja kwa Murdo, akaingiza pua kwenye mfuko wa kushoto wa koti, wa kushoto tu, na ndani zikasikika zile pipi nyeupe za mnanaa ambazo Murdo hunyonya wakati wa mahubiri.

— Baraka, — alisema Torquil.

Kisha Diwani akamwendea Lachie. Alimvua kofia kwa midomo, polepole, akaitua chini, akaigeuza kwa pua mpaka ikakaa kama sahani. Akangoja. Kwenye bitana ya kofia mlikuwa na makombo ya mkate ya siku nyingi.

Akasogea kwa Effie, akalaza kidevu kwenye aproni yake. Effie hakujaribu kuficha. Maganda ya karoti yalikuwa yanachungulia mfukoni.

Nikajua anayefuata ni mimi. Nilitaka kufunga dirisha, nikachelewa. Aliinua kichwa, pembe zikakwaruza fremu ya chini, pale pale, na macho yake yakatazama kopo langu la biskuti za shayiri zilizovunjika. Siyo biskuti za kuuza. Zilizovunjika tu.

— Upepo, — alisema Torquil.

— Nilidhani ni mimi peke yangu, — alisema Effie.

— Mimi pia nilidhani hivyo, — alisema Murdo. — Pipi moja tu kwa siku. Nikasema pipi moja haimharibu mnyama.

— Nilinyoosha mkono ukumbini kwa sababu ya wageni, — alisema Lachie. — Sikujua na mimi nimo.

Effie alikuwa anamsugua Diwani kati ya macho, mahali ambapo ilionekana wazi anapajua.

— Ni ile theluji kubwa ya miaka mitatu iliyopita, — alisema. — Alikuja ukutani mbavu zote nje. Nikampa karoti moja. Nilijiambia moja tu, basi. Kesho yake akarudi. Nyinyi hamkuwa mnatoka majumbani kipindi kile. Siku kumi na nne hakuna mtu aliyefika mlangoni kwangu isipokuwa huyu.

Torquil alirudi hadi kwenye benchi.

— Sasa nisikilizeni. Leo Alhamisi. Mna leo, kesho, Jumamosi na Jumapili. Mimi siwezi kumfundisha kuogopa, ananijua kuwa simpi kitu. Nyinyi ndio anaowaamini. Kila mtu amfukuze mlangoni kwake, kwa kelele, kwa hasira, kama adui. Kunyamaza na kumnyima haitoshi, atangoja. Lazima awaogope nyinyi.

— Haelewi kelele, — alisema Effie.

— Ataelewa.

Effie alisimama. Akaninyooshea mikono dirishani, nami nikampa vifuniko viwili vya sufuria. Alivigonganisha mara moja, kwa uoga. Diwani alitikisa sikio, akapiga hatua mbele, karibu zaidi. Alidhani ni kitu kipya cha kula.

Basi Effie akaanza. Alivigonga mpaka vikasikika kijiji kizima, akamtukana kwa Kigaeli maneno ambayo sikujua kama anayajua, akamwambia mwizi, akamwambia toka, akamwambia sitaki kukuona, na machozi yanashuka mpaka kwenye kidevu. Diwani alirudi nyuma hatua moja. Akamtazama. Akarudi nyingine. Lachie akaanza kupiga benchi kwa fimbo, Murdo akapiga makofi, nami nikabamiza dirisha, na hapo Diwani akageuka, akapanda barabara mbio, kwato zikiteleza kwenye lami. Kofia ya Lachie ilikanyagwa ikachanika.

Hazel alikuwa bado ameshika ile biskuti.

Ijumaa alikuja, tukamfukuza. Jumamosi alikuja akasimama mbali, tukamfukuza hata hivyo. Jumapili ilitusumbua, kwa sababu siku ya Bwana hapa hata nguo hazianikwi, na Jumamosi jioni bunge lilikaa kujadili kama kugonga sufuria ni kazi. Lachie alisema ni kazi. Murdo alisema kuondoa uhai ni dhambi kubwa zaidi, ila na yeye hakuwa tayari kubeba kifuniko kanisani. Mwishowe alikwenda na mwavuli. Mahubiri yalipofika katikati alitoka nje, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu abatizwe, akamkuta Diwani getini, akamfungulia mwavuli mweusi usoni. Kufungua mwavuli, alisema baadaye, si kazi. Waliokuwa ndani wanasema alikaa nje muda mrefu baada ya kwato kunyamaza, na aliporudi alikuwa amelowa, mwavuli kaufunga.

Jumatatu saa nne kasoro tulikuwa bungeni wote. Torquil aliegesha gari mkabala na duka. Bunduki ilikuwa kwenye kiti cha nyuma, kwenye mfuko wake, na sote tulikuwa tunatazama pengine. Hazel alikuwa ameshapakia masanduku yake, akaja kuaga, akanunua kahawa ya njiani.

Saa ya kanisa ikagonga.

Alikuwepo. Alisimama kule juu, nyuma ya ukuta wa mawe wa kondoo, ambao angeuruka bila hata kukunja magoti vizuri. Kichwa na pembe vilionekana vyote. Torquil alitoka garini akatazama kwa darubini. Effie alinishika mkono kupitia dirishani, akanifinya mpaka nikataka kulia kwa maumivu. Dakika zikapita. Diwani hakuruka.

— Yuko upande wa mlima, — alisema Torquil. Akatoa daftari lake mfukoni, akaandika, akalifunga. — Wa mlimani simjui.

Murdo aliketi kwa kishindo. Mifuko ya koti lake aliigeuza nje tangu Ijumaa, bado ilikuwa inaning'inia. Lachie alikuwa kichwa wazi. Nilidhani tutafurahi, na tulifurahi kweli, lakini hakuna aliyeondoa macho kule juu. Naye alikuwa anatutazama, nyumba moja moja, kutoka juu hadi chini.

Hazel alikinga macho kwa mkono.

— Mbona haondoki? — aliuliza. — Anangoja nini pale?

Effie alivipanga vile vifuniko mapajani, kimoja juu ya kingine. Niliinua chupa niwaongeze kahawa, yakatoka matone mawili, nami sikuondoka dirishani kuchemsha nyingine, maana alikuwa bado anatungoja.